Tulivyokwenda Kumwombea Daudi

Nimejaribu kukusimulieni safari hii kwa mdomo zaidi ya mara moja, na kila mara hatuvuki habari ya mshumaa, maana mnacheka mpaka kahawa inapoa. Basi nimeona niandike. Someni mpaka mwisho kwanza, kisha chekeni mtakavyo.

Raheli mnamjua kwa jina tu. Nilipokuwa nasomea uuguzi Nairobi, yeye na mimi tulilala chumba kimoja. Mzaliwa wa Nakuru, Myahudi, na Kiswahili chake ni kile cha bara kinachoingia ndani bila kubisha hodi. Alikuwa na kaka mmoja tu, Daudi, injinia wa barabara, aliyekuja huku Oman kufanya kazi sisi tukiwa bado wanafunzi. Mwaka mmoja mvua kubwa ikapiga mkoa wa Sharqiyah, wadi, bonde la mto mkavu, ikashuka na maji, ikalichukua gari lake naye akiwa ndani. Kampuni ikawapelekea wazee wake khabari kwamba mtoto wao amekufa na ameshazikwa hukohuko, upande wa Sur. Zaidi ya hapo hawakuambiwa, na kampuni yenyewe baadaye ikafungwa.

Kila mwaka, siku aliyokufa Daudi ikirudi, baba yake alikuwa akimsomea dua yao ya wafiwa, inaitwa Kadishi. Baba alipokufa akaendelea mjomba. Mjomba naye akaondoka duniani. Mama yao amefariki mwaka jana, na mpaka siku zake za mwisho bibi yule alikuwa na swali moja: "Nani alimwosha mwanangu?" Maana kwao, kama kwetu, maiti huoshwa, huvishwa sanda nyeupe isiyo na pambo, na haachwi peke yake hata kidogo mpaka aingizwe ardhini. Bibi aliamini kwamba mwanawe alitupwa shimoni na watu wasiomjua, bila ya maji, bila ya nguo, bila ya mtu wa kukaa naye.

"Aziza," Raheli akaniambia kwenye simu, "mimi nakuja. Mwaka huu nitamsomea mwenyewe, palepale kaburini."

"Kaburi lenyewe liko wapi?"

"Kwani si wewe utanionyesha? Si unakaa Oman?"

Utadhani Oman ni uwanja wa nyuma wa nyumba yangu.

Nizwa mpaka Ibra

Tulitoka kwangu Nizwa asubuhi, mimi nikiendesha, Raheli kando yangu amekumbatia mkoba wake kama mtu aliyebeba mayai. Nikamwambia anieleze mambo yao, nisije nikaaibika mbele ya watu.

Akanieleza. Mtu akifa, jamaa zake hukaa chini siku saba, vioo vya nyumba hufunikwa, majirani ndio huleta chakula. Nikamwambia hayo matanga tunayajua, ila vioo tu ndivyo vigeni kwangu. Akaendelea: kila mwaka siku ile ikirudi, huwashwa mshumaa tangu jua linapotua mpaka jua la kesho yake linapotua. Wanaozuru kaburi huweka jiwe dogo, hawaweki maua. Na Kadishi haisomwi na mtu peke yake. Lazima wawepo watu wazima kumi wa kuitikia Amin.

"Kumi tu?" nikasema. "Ibra peke yake nina binamu zaidi ya kumi, na hapo sijawagusa wake zao."

Palepale nikasimama pembeni ya njia, nikampigia binamu yangu Khadija wa Ibra. Nikamwambia tunakuja na mgeni, ana marehemu wake wa kumwombea, anataka watu kumi. Khadija ni mtu wa vitendo. Akasema, "Hitima? Niachie mimi," akakata simu.

Niliporudi barabarani Raheli akamalizia sentensi yake: "Wayahudi kumi, Aziza."

"Ungesema mapema!"

"Nilikuwa nasema, ukashika simu."

"Sasa Wayahudi kumi tutawachuma wapi Sharqiyah?"

Akanionyesha simu yake. Hao kumi watakusanyika Nairobi, katika chumba kimoja, na yeye atasoma pamoja nao kwa picha ya simu akiwa kaburini. Kiongozi wao wa dini ameruhusu, lakini kwa sharti: kule wawe kumi kamili. Tisa hawafai, hata wawe watakatifu namna gani.

Nikampigia Khadija kumwambia asitishe. Hakupokea. Mtu wa vitendo akishaanza hapokei simu.

Ibra, nyumbani kwa Khadija

Mlango wa ua ulikuwa wazi. Raheli akashuka garini, akatazama ndani, akarudi nyuma hatua nzima. Wanaume walikuwa wamejipanga mkekani, kanzu nyeupe, vilemba vimefungwa sawasawa, na wote wakainuka kwa pamoja kumpokea.

"Hawa ni nani?" akaninong'oneza.

"Hao ndio kumi wako," nikasema. "Na wa akiba pia."

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Wazee wakatazamana, pakazuka mjadala. Mmoja akasema huyu marehemu si wa dini yetu, hitima haimhusu. Mwengine akasema lakini tumeshakuja, tena tumeshatia udhu. Mwishowe mjomba wangu Seif, ambaye hapendi kuondoka mahali penye chakula kabla hakijaliwa, akatoa uamuzi: "Tumwombee dada yake subira. Hilo halina ugomvi na mtu." Wakainua mikono wakamwombea Raheli kwa Kiarabu subira, afya na safari njema, na Raheli akakaa pale na kitambaa chake kichwani, macho yamemjaa, hajui hata neno moja la wanachosema.

Kisha chakula kikaletwa, na subira ikaanza kuhitajika palepale.

Khadija alikuwa amechinja. Sinia ilibebwa na watu wawili, wali umefunikwa na nyama ya mbuzi imelegea inadondoka kwenye mfupa. Raheli akasema kwa adabu zote, nami nikitafsiri, kwamba yeye hali nyama isiyochinjwa kwa kanuni za kwao.

"Kwani huyu kachinjwa na nani?" Khadija akauliza. "Na shetani?"

"Hapana, mama, si hivyo..."

"Basi samaki unakula?"

"Samaki nakula!" Raheli akasema, na sote tukapumua.

Khadija akaleta papa mkavu aliyekaangwa kwa ndimu na vitunguu. Raheli akamtazama papa, akanitazama mimi. "Samaki wetu lazima awe na magamba." Papa akarudi jikoni. Wakaja ngisi. Ngisi nao wakarudi. Khadija akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. "Aziza, huyu mgeni wako anakula nini? Hewa?"

Mwisho akachemshiwa mayai. Alipoletewa, Raheli akacheka kidogo, akasema kwao yai ndilo chakula cha kwanza anacholishwa mfiwa akirudi makaburini. Ni duara, halina pa kuanzia wala pa kuishia, na ndivyo ilivyo dunia, huyu anaingia, yule anatoka. Nikamtafsiria Khadija. Akakaa chini kando ya Raheli akaanza kumenya mayai yale mwenyewe, moja moja, akimtilia chumvi.

"Kumbe tulikuwa na chakula chake muda wote," akasema, "sisi tunahangaika na mbuzi."

Soko la wanawake

Raheli alikuja na mshumaa wake maalumu kutoka Nairobi, ndani ya bilauri. Tulipoutoa kwenye sanduku, bilauri imekuwa vigae na mshumaa umekunjana kama kidole cha mzee. Bahati yetu ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake la Ibra, ambako wanawake huuziana vitu vyao na mwanamume hakaribishwi.

Tulizunguka. Ubani upo, udi upo, wanja upo, nguo za harusi zipo. Mshumaa wa kuwaka mchana kutwa na usiku kucha ukawa shida. Mwanamke mmoja mwenye barakoa usoni akatuuliza ni wa shughuli gani. Nikasema ni wa kumkumbuka maiti. Akachimbua chini ya meza yake, akatoa gudulia kubwa la kioo, nta yake nyekundu.

"Huu utawaka mpaka utauchoka," akasema.

Raheli akafungua kifuniko, akanusa. "Aziza. Hii ni stroberi."

Haukuwepo mwengine. Tukaununua.

Ibra mpaka Sur

Njia ya Sur ni nzuri, mchanga upande mmoja na milima upande wa pili, na sina la kusimulia ila kwamba Raheli alilala mdomo wazi mpaka tulipoona bahari. Tukavuka daraja kuingia Aija, mtaa wa zamani wa upande wa pili wa hori, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba wafanyakazi wengi wa kampuni ile walikuwa wakikaa huko.

Kosa langu lilianzia kwenye duka moja. Nilimwambia mwenye duka kwamba tunamtafuta mtu yeyote anayemjua injinia Daudi wa kampuni ya barabara, yule aliyefariki, huyu hapa ni dada yake amekuja kumwombea. Mwenye duka akashtuka. "Daudi wa kampuni? Daudi amefariki? Lini?" Kabla sijajibu ameshashika simu, anampigia mkewe, na mkewe akampigia mwengine. Akatuelekeza nyumba: mlango wa kijani, mbele ya msikiti.

Tulipofika, nyumba ile ilikuwa inalia. Kilio khasa, cha kupiga mapaja. Raheli akanishika mkono. "Wanamlia kaka yangu? Baada ya miaka yote hii?" Na machozi yakamtoka na yeye, akaingia ndani akawakumbatia wanawake wale, wakalia wote kwa pamoja, nami nikaona kama hali ndiyo hii, nikalia kidogo.

Ndipo mlango wa uani ukafunguliwa, akatoka mzee mmoja mnene, amejifunga taulo, povu la sabuni masikioni.

"Jamani," akasema kwa Kiswahili cha Tabora, "nani kafa?"

Mkewe, Bi Mariamu, akapiga yowe la kweli la siku ile. Akakaa chini. Kisha akanyanyuka akampiga mumewe begani kwa kanga.

"Wewe!"

"Mimi nimefanya nini? Nilikuwa naoga!"

Huyo ndiye Daudi wa Aija, fundi wa magari, mtoto wa Waomani waliorudi kutoka bara. Alipokwisha kuvaa na kunywa maji akatukalisha, tukaelewana. Yeye na kaka yake Raheli walikuwa kampuni moja, Daudi injinia na Daudi fundi. Chakula cha mmoja kilikuwa kinakwenda kwa mwengine, barua za mmoja zinafunguliwa na mwengine.

"Hii mara ya pili naliliwa nikiwa hai," akasema. "Alipokufa yule, watu walikuja hapa na sinia za chakula, wakanikuta nakula. Dada yangu, kaka yako hakuzikwa Sur. Sur ilikuwa ofisi tu. Yeye alizikwa kulekule maji yalikomchukulia, Dima wa Tayyin, milimani. Mimi nilifika kaburini. Nitakupelekeni."

Raheli akauliza lile swali la mama yake. "Nani alimwosha?"

Mzee Daudi akatazama chini. "Hilo sijui. Njia ilikuwa imekatika. Tulipofika sisi alikuwa ameshazikwa."

 Jua lilipotua Raheli akawasha mshumaa wake juu ya meza ya Bi Mariamu, na nyumba nzima ikanuka peremende.

Sur mpaka Dima, na mshumaa

Sasa tumefika penyewe. Asubuhi mshumaa unawaka, na sisi tunataka kuondoka. Nikamwambia Raheli auache kwa Bi Mariamu. Akasema hapana, mama yake alikuwa hautoi machoni mshumaa wa Daudi hata kwenda dukani, yeye hawezi kuuacha kwa watu mara yake ya kwanza kuuwasha. Basi Bi Mariamu akatupa sufuria, tukatia mchanga, tukasimamisha gudulia ndani yake, na mzee Daudi akaipakata sufuria kiti cha nyuma.

Kiyoyozi kikiwashwa, moto unayumba. Dirisha likifunguliwa, moto unalala. Tukafunga kila kitu. Joto la Sharqiyah mnalijua. Tulikwenda hivyo, watu wazima watatu ndani ya gari lililofungwa, tunatoka jasho kwa harufu ya stroberi, mzee nyuma anatoa taarifa kama nahodha: "Unawaka... unawaka... Aziza, kona pole pole... unawaka."

Karibu na Al Kamil petroli ikawa inakwisha. Nikaingia kituoni, nimesahau kabisa. Mfanyakazi wa pampu akachungulia dirisha la nyuma kwa tabasamu, akaona mzee amepakata moto. Sijapata kuona mtu akikimbia kinyumenyume kwa kasi ile. Wakatoka wote, wanapunga mikono, wanapiga kelele kwa lugha zote wanazozijua, nami nikarudisha gari nyuma mpaka barabarani.

Ng'ambo ya njia palikuwa na mkahawa mdogo wa chai wa Wahindi. Mzee Daudi akashuka na sufuria yake, akaiweka mezani, akawaambia kwa ishara waitazame, kisha akaingia chooni. Mimi na Raheli tukaenda kutia petroli. Tuliporudi, tukakuta watu wote wa mkahawa wamesimama kuizunguka meza, wanapiga makofi. Wanaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Na kabla hatujasema neno, mpishi, kwa heshima kubwa, akainama akaupuliza.

Mshumaa ukazimika.

Nilimtazama Raheli. Nikajua sasa hapa tutazikana.  Lakini akatokwa na kicheko kutoka tumboni, akainamia meza, akacheka mpaka akashika mbavu, na wale watu wakadhani amefurahi, wakapiga makofi zaidi.

"Daudi," akasema, akifuta macho, "Daudi angekufa kwa kicheko."

Nikamuuliza sasa itakuwaje. Akasema si dhambi, mshumaa ni ada tu, ukizimika unawashwa. Mpishi mwenyewe akaleta kiberiti. Tukapewa na keki, kila mtu kipande, na Raheli, ambaye hakula mbuzi wala papa wala ngisi, akachunguza keki ile ya mayai na unga na akaila yote.

Dima wa Tayyin

Baada ya Ibra njia inapanda milimani, vijiji vimetawanyika, mitende michache, mbuzi wengi. Mzee Daudi alipotea mara kadhaa na kila mara akasema barabara ndiyo iliyohama. Mwisho tukasimama kwa mwanamke aliyekuwa akikata majani ya mifugo, nikamuuliza kwa Kiarabu kama anajua kaburi la Daudi, mgeni aliyechukuliwa na wadi.

"Mnakwenda kwa Daudi?" akasema. "Leo kuna foleni. Binti wa Nasser ameposwa."

Sikumfahamu. Akatuonyesha kilima. Juu yake kulikuwa na watu, wengine wamesimama, wengine wamekaa, na kila mmoja ana simu sikioni.

Basi sikilizeni. Katika kijiji kile chote, bondeni hakushiki mtandao. Pahali pamoja tu ndipo simu inaposhika, kilimani, pembeni ya kaburi la Daudi. Waliomzika walimpeleka juu ili wadi isimfikie tena, na miaka mingi baadaye, minara ya simu ilipojengwa mbali huko, ikaonekana mawimbi yanagusa hapo tu. Tangu hapo, mtu wa kijiji kile akitaka kupiga simu hasemi anakwenda kupiga simu. Anasema: nakwenda kwa Daudi. Uchumba unatangazwa kwa Daudi. Matokeo ya mitihani yanasomwa kwa Daudi. Mtoto akizaliwa hospitali ya Ibra, bibi yake anapata khabari akiwa kwa Daudi.

Nilimtafsiria Raheli hayo yote tukipanda. Akasimama njiani, akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Miaka yote," akasema, "mama alikuwa analia kwamba yuko peke yake."

Kaburi lilikuwa safi, kifusi kimezungushiwa mawe, na mawe mawili yaliyosimama, moja kichwani, moja miguuni. Waliokuwa wakipiga simu wakakata, wakatoa salamu, wakasogea. Raheli akainama. Alikuwa ameokota jiwe zuri huko chini wadini, la rangi ya kijivu na mstari mweupe, kubwa kuliko la kawaida yao kwa kuwa alilipenda. Akalisimamisha katikati ya kaburi.

Wanawake wakapiga kelele.

"Mwambie aliondoe!" mmoja akaniambia. "Amemgeuza mwanamke!"

Nilisahau kumwambia. Huku kaburi la mwanamume lina mawe mawili, la mwanamke matatu. Raheli akaliondoa haraka, akamwomba kaka yake radhi kwa sauti. Tukajadiliana, kila mtu na rai yake, mpaka bibi mmoja mwembamba mwenye mkongojo akaokota kokoto ndogo, akaiweka juu ya lile jiwe la kichwani. "Kokoto haihesabiwi," akasema. Na mambo yakaisha.

Bibi huyo jina lake Shamsa. Nikamuuliza kama anamkumbuka Daudi. Akanitazama kama niliyemuuliza kama anaikumbuka nyumba yake.

"Alikuwa akinywa kahawa kwetu alipokuja kupima njia. Hakula nyama yetu hata siku moja. Mayai tu, na tende."

Nikamuuliza, pole pole: nani alimwosha?

"Mume wangu, Mungu amrehemu. Yeye na ndugu zake walimtoa kwenye mawe. Wakasema njia imekatika, watu wake hawatafika, na maiti hangoji. Wakamwosha kwa maji ya falaji, mfereji wetu wa kijiji, palepale kwenye baraza yangu. Nguo ya kumvika haikuwepo. Mama yangu alikuwa na sanda yake aliyokuja nayo kutoka Makka, aliiweka miaka. Akaitoa kwenye sanduku. Nikamwambia mama, hiyo ni yako. Akasema, mgeni ana haraka kuliko mimi." Akatikisa kichwa. "Na mvua ilikuwa haikatiki. Mume wangu akakaa naye mpaka asubuhi, hakutaka maiti wa watu akae peke yake."

Nilimtafsiria Raheli neno kwa neno. Maji, nguo, mtu wa kukaa naye. Akakaa chini mchangani. Hakulia kwa sauti. Alishika mkono wa Bi Shamsa, akautia usoni pake, na Bi Shamsa akamwacha.

Basi ikabaki dua yenyewe, na jua limeshuka.

Raheli akapiga simu Nairobi. Zikatokea nyuso zimejaa kwenye kioo kidogo. Akahesabu. Akahesabu tena. "Mko tisa!"

"Wa kumi yuko kwenye jam," ikajibu sauti. "Anasema yuko karibu."

"Nairobi kila mtu yuko karibu! Huku jua linatua!"

Watu wa kijiji wakauliza kuna nini. Nikawaeleza. Wakajitazama. "Anataka mmoja tu?" mmoja akasema. "Sisi hapa tumejaa kilima!" Nikawaeleza sharti. Wakasikitika kikweli, kama watu waliokataliwa kusaidia kusukuma gari.

Jua likaingia nyuma ya mlima. Raheli akafumba macho. "Imekwisha. Siku imepita."

"Nani kasema?" Bi Shamsa akauliza nilipomtafsiria. "Hilo halijatua. Limejificha tu. Sisi tunafunga saumu hapa maisha yetu yote, unadhani tungefuturu kwa mlima?" Na wote wakaanza kumthibitishia, wakionyesha mwanga juu ya vilele vya mashariki, kwamba bado, bado kidogo, bado.

Ndani ya simu ukasikika mngurumo wa pikipiki, mlango, vishindo. Akaingia daktari mmoja wa meno, kofia ngumu bado kichwani, anahema. "Nimechukua boda," akasema. "Anza!"

Raheli akasimama akaanza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia maombolezo. Lakini Kadishi, nimemuuliza baadaye akanielezea, haimtaji maiti kabisa. Haitaji kifo. Inasema jina la Mungu litukuzwe, litakaswe, ufalme wake uje upesi, na mwisho inaomba amani. Lugha yake ni ya kale, jirani ya Kiarabu. Watu walianza kugeuza vichwa. Wakasikia kitu kama samaa, mbingu, kitu kama hayat, uhai, kitu kama salaam. Kule Nairobi kumi wakaitikia Amin, na pale kilimani, bila ya kuambiwa, mzee Daudi wa Aija akaitikia Amin, na baada yake kila mtu. Kumsifu Mungu hakukuwa na ugomvi na yeyote.

Katikati simu ikanyamaza. Picha ikaganda, daktari wa meno mdomo wazi. Raheli akasita, akaitazama. Kisha akaendelea, sauti juu, maana kwao aliyeanza na kumi huruhusiwa kumaliza hata baadhi wakitoka. Kila alipopumzika, kilima kikajibu Amin. Akasoma mpaka mwisho, akarudi nyuma hatua chache akainama kama wafanyavyo.

"Mbona hakumtaja?" Bi Shamsa akaniuliza.

Raheli akasema dua ya kumtaja ipo, nayo haihitaji kumi, ila inataka jina na jina la baba.

"Na baba yake nani? Sisi siku zote tunasema Daudi tu."

"Ibrahim."

"Daudi bin Ibrahim," Bi Shamsa akasema. Akarudia kwa wenzake, na wao wakarudia, mpaka jina likashuka kilimani na waliokuwa wakirudi majumbani.

Raheli amesharudi kwao. Juzi kulinyesha sana huko Dima, mmesikia kwenye khabari, nami nikawa na wasiwasi nisijue nimpigie nani. Alasiri simu yangu ikalia, upepo mtupu ndani yake.

"Aziza, ni Shamsa. Mwambie Raheli wadi imeshuka na maji mengi, lakini huku juu hakujafika kitu."

"Bi Shamsa! Uko wapi wewe na mvua yote hiyo?"

"Niko wapi tena?" akasema. "Niko kwa Daudi."